Chumba Kinachotazama Mlima

Uru, Moshi
Tarehe 27 Machi

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Pokea salamu kutoka huku kwetu mlimani, ambako masika yameanza kwa fujo na tope linatuvua viatu njiani. Hamjambo wote hapo Dodoma? Violet anaendeleaje na ule mgongo wake? Kindness na Calvin je, wanasoma, au bado wanacheza? Mwambie Calvin hayo meno ya mbele yataota tu, asiyachokonoe kwa ulimi. Mimi sijambo, kama mtu aliyebaki peke yake anavyoweza kusema hajambo. Ng'ombe anakamuliwa, ndizi zipo, ila nikipika napika kwa sufuria ya watu wawili, halafu nakumbuka.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi hata mialiko ya harusi inakuja kwenye simu. Lakini tangu tumzike Mama nimekupigia mara nyingi, unapokea, nasikia sauti yako, halafu naishia kukuuliza bei ya mchele. Kuandika ni nafuu kwangu, kwa kuwa sikusikii ukivuta pumzi. Nakuomba mambo mawili: usome ukiwa peke yako, na usiichane kabla ya kufika mwisho.

Nianzie Novemba, uliponipigia ukaniambia watoto wameona picha za ile bustani mpya ya michezo huko chini tambarare, na hawakuachi ulale. Wanataka kuteleza kwenye maji, wanataka kupanda lile gurudumu kubwa. Ukasema mtakuja Krismasi, lakini hamtapanda Uru. Ukaniomba nikutafutie hoteli ya familia karibu na bustani, chumba cha watu wanne, iwe na bwawa la watoto na maji ya moto, na isiwe na kelele kwa sababu ya Violet. Ukamalizia kwamba Mama asijue.

Sikukuuliza kwa nini, maana nilikuwapo. Krismasi ile ya miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sinia la nyama. Nilimwona Kindness akinyoosha kisahani chake, na Mama akikirudisha tupu, akisema mbele ya ukoo mzima kwamba nyama ile ni ya damu ya nyumba hii, na mtoto aliyekuja na mama yake akatafute mgawo kwa baba yake. Mtoto wa miaka saba, aliyekuita baba tangu ajue kusema! Uliinuka, ukawakusanya wanao, ukaapa hutalala tena chini ya bati lile mpaka Mama aombe msamaha. Ulifanya sawasawa. Nilikuambia hivyo siku ile na leo narudia.

Basi nikafunga kitambaa changu kizuri nikashuka kuchagua hoteli. Wense, mimi ambaye maisha yangu yote sijalala hotelini, nilijifanya mkaguzi wa serikali! Ya kwanza walikiita chumba cha familia, nikakuta kitanda kimoja na godoro limesukumiwa uvunguni, na chini yake baa, moshi wa nyama choma unaingia mpaka kwenye shuka. Ya pili ilikuwa nzuri, marumaru kila mahali, lakini bwawa lake lina kina kirefu na halina hata uzio. Nilipouliza, dada wa mapokezi akanijibu kwamba watoto huangaliwa na wazazi wao. Nikamwambia watoto huangaliwa na kila mwenye macho, nikaondoka zangu. Ya tatu ndiyo ile mliyolala. Nilifungua mabomba yote nikihesabu mpaka maji yapate moto. Nilikalia kila godoro. Nilikagua vyandarua tundu kwa tundu, nikatembea kwa miguu mpaka geti la bustani, nikaona hata Calvin atafika bila kubebwa.

Walinipa nichague chumba, cha kutazama bustani au cha kutazama mlima. Nikachagua cha mlima. Nilijiambia kwamba ukifungua pazia asubuhi utaona migomba ya kwetu kwa mbali, na huenda moyo wako ukalegea. Nakuambia hili ili ujue kwamba nilianza vizuri.

Mama nilimwambia mimi mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kwangu ilikatikia jikoni, siku mbili kabla hamjafika. Aliniuliza kwa nini nimeshuka mjini na kitambaa cha kanisani siku ya Jumanne, nikashindwa. Nilimwambia kila kitu, hata kwamba umekataza asiambiwe. Nilitegemea matusi, unamjua. Akakaa kwenye kile kigoda chake mpaka uji ukapoa. Kisha akachukua kisu cha kukatia majani ya ng'ombe, akatoka na miguu yake ile iliyovimba, akishika mgomba huu na huu, mpaka mpakani kwetu na Mzee Melkior. Akakata jani la isale. Alilisafisha kwa khanga yake, akalifunga fundo, akanipa mkononi. Akasema nikupelekee wewe, na nikuambie kwamba ni la Kindness kwanza, halafu ndiyo lako.

Wewe na mimi tumelelewa tukijua isale ni nini. Mtu akikutumia jani lile hujadili tena nani alikosa. Watu waliomwagiana damu wamekunywa mbege pamoja kwa sababu ya jani lile. Halikataliwi. Na Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi, alilikata mwenyewe.

Siku hiyohiyo akaanza kazi. Akaniagiza nianike magodoro. Akampa yule mbuzi wake majani mara tatu, akasema paja zima ni la Kindness, na atamkatia yeye mwenyewe watu wote wakiona. Alikuwa anaimba, Wense. Anafagia na kuimba.

Sasa ndipo ninapotaka kukuambia kilichonipata, nami sijitetei. Siku mliyofika, nilipokuwa nashuka na jani lile kwenye mkoba, mkoba ulizidi kunilemea. Nilikuwa nakumbuka mwaka niliorudi kutoka Rombo, uso umevimba, nimemkimbia yule bwana. Wewe ulikuwa sekondari ya bweni, hukuona. Mama alinipa maji ya kunywa, akanirudisha siku ileile, akisema mwanamke hawezi kuacha nyumba yake. Nikarudi. Mara ya pili nilirudi na mimba ya miezi mitano, akanirudisha tena. Ile mimba haikufika. Hujawahi kusikia habari hiyo kwa sababu ilikatazwa kusemwa. Mara ya tatu alinipokea, na tangu hapo nimemwogesha, nimempikia, nimeamka naye kila alipokohoa, kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo ambalo sote tunajua ni lako wewe kitindamimba. Na hakuniomba radhi hata siku moja. Mimi sikukatiwa hata jani la mgomba. Wewe umenuna miaka mitatu tu, ukakatiwa isale na kufagiliwa uwanja.

Nilifika nikawakuta mnakunywa chai. Ulinikumbatia, ukanisifu mbele ya Violet kwamba nimechagua vizuri, ukanionyesha chumba kana kwamba sikukiona. Mlikuwa mmevuta pazia kwa sababu ya jua. Nikakungoja uniulize Mama anaendeleaje. Uliniuliza maziwa, ukaniuliza barabara, Mama hukumtaja. Kisha ukasema kwa mzaha kwamba mimi nina bahati, naishi kwa amani huko juu bila kazi wala mwajiri. Najua hukuwa na ubaya. Lakini niliumia, Wense, niliumia sana, na niliona nikitoa lile jani jioni hiyo mtapanda, atachinjwa mbuzi, mtalia na kukumbatiana, na mimi nitakuwa jikoni natoa majivu.

Kindness akanifuata nilipoaga. Alikuwa amejifunga taulo la hoteli, nywele zinachuruzika. Akaniuliza kama Bibi anajua wako hapa. Jani lilikuwa kwenye mkoba, mkoba begani kwangu, mtoto mbele yangu. Nikamwambia Bibi hajui.

Halafu niliingia kwenye choo cha wageni kile cha mapokezi, nikalitumbukiza isale kwenye ndoo ya taka, juu yake nikaweka karatasi za kufutia mikono. Nikanawa. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia umelipokea kwa mikono miwili, lakini hukujibu kitu.

Sikujua neno lile litafanya nini. Nilifikiri nitamwacha aonje siku moja tu, kesho yake nitatafuta namna. Kesho ilipofika nikaona aibu. Yeye alihamishia kigoda nje, pale tunapoanikia kahawa, ambapo ukitazama chini tambarare unaliona lile gurudumu la bustani, dogo kama sahani. Akawa ananiuliza kama linazunguka, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayafiki. Nikimwambia linazunguka anasema labda watoto wamo. Siku zote tatu mlizokaa hotelini hakutoka pale ila kulala. Sikukuu yenyewe hakukubali mbuzi achinjwe, akasema tungoje. Siku mliyoondoka hukuniambia, niliona ujumbe wako mkiwa mmeshaiacha Moshi mbali. Nikaenda kumwambia mmekwenda. Alisema jambo moja tu, kwamba kumbe siku hizi hata isale linakataliwa.

Tangu siku ile aliacha kuimba, akaacha kugombana, na wewe unajua Mama asiyegombana ni mgonjwa. Dawa za presha nilikuwa namwekea mkononi, nikifagia nazikuta chini ya mkeka. Nilimwona akiisha. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitamwambia, na kila jioni nilikuwa naona bora kesho. Tarehe mbili Machi nilimpelekea uji nikamkuta amekwenda. Hakuna hata wa kunishika mkono, ni mimi na ng'ombe analia zizini.

Kwenye mazishi wanaume walitaka kumchinja yule mbuzi, nikamng'ang'ania kamba, wakasema uchungu umenipanda kichwani. Wewe ulirusha udongo wako, ukasimama karibu yangu pale mgombani, ukaninong'oneza kwamba Mama amekufa na kiburi chake, hata neno moja hakukutumia. Ukasema arobaini yake hutakuja, na Kindness hatakanyaga hapa. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikainama kuokota jembe.

Wiki iliyopita nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, kisha akaniambia Mungu amesikia, lakini kitubio changu kiko Dodoma. Ndiyo maana naandika.

Basi sasa unajua. Mama hakufa na kiburi, mdogo wangu. Alikuomba msamaha, tena kabla hujaoga vumbi la safari, na akaanza na Kindness. Alikufa akiamini umemkataa, na wewe umemzika ukiamini amekukataa, na katikati yenu nilikuwa nimesimama mimi. Ninyi wote wawili hamna kosa kwa jambo hili. Nimelifanya peke yangu, nikiwa na akili zangu.

Ndani ya bahasha utakuta jani limekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Nimelikata kwenye mche uleule, kando ya kovu la pale alipokata yeye, nikalifunga fundo kama alivyolifunga. Hilo si langu. Ni la Mama, limechelewa miezi mitatu. Ukilipokea mpe Kindness alishike yeye kwanza, kama ilivyoagizwa.

La kwangu sijalikata. Isale halikataliwi, nami sitaki unisamehe kwa kulazimishwa na jani.

Arobaini ni tarehe kumi na moja Aprili, misa saa nne. Mbuzi yupo, amenona, na paja lake lina mwenyewe. Magodoro nimeyaanika kila jua lilipochomoza. Mkiona ni vyema mlale kule chini, hoteli ni ileile, mwambie dada wa mapokezi akupe chumba kinachotazama mlima. Mimi nikiambiwa niondoke kihambani kabla hamjafika nitaondoka, nitakwenda kwa Mama Mdogo Eliona kule Himo. Unijulishe tu mapema, ng'ombe asilale bila kukamuliwa.

Nisalimie Violet, mwambie namheshimu. Mbusu Calvin. Kindness sijui nimsalimie vipi, utanisaidia wewe. Mungu awatunze nyote nyumbani kwenu.

Ni mimi dada yako,
Hilaria