Sabuni ya Foleni na Mti wa Asmini

Mkunazini, Unguja

Somo yangu Bi Tatu,

Nshaolewa. Nimetaka ulisikie hilo kwanza, kabla ya habari za wadudu, maana barua hii ina wadudu wengi.

Nimeolewa na Harubu, yule yule mwalimu wa hesabu uliyemchungulia dirishani ukasema ana mwendo wa mtu aliyelala akashiba. Leo ni siku ya tisa. Somo, nina furaha mpaka naona haya. Akikohoa njiani, mimi niko ndani najua ni yeye. Juzi nilisahau kutia sukari kwenye chai, akainywa yote akasema tamu. Ungelikuwepo ungenicheka, kisha ungeniambia niache kumtazama sana, atazoea vibaya. Siwezi kuacha.

Lakini uliniachia amana, na amana hutolewa hesabu.

Baada ya arobaini yako, binti yako Bi Khadija aliniletea mti wako wa asmini kwa gari la hamali, ndani ya lile lile pipa lililokatwa nusu. Alileta na chetezo chako. Alisema umeusia viwe vyangu. Nikauweka mti uani kwetu, penye jua la asubuhi, nikawa naumwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani, kama ulivyonifundisha. Harusi ilikuwa imebakia miezi mitatu. Tangu siku ya kwanza uliponiweka ndani kunifunda, ulikuwa ukiniambia, "Vikuba vya harusi yako, mwanangu, havitatoka sokoni." Ulipokufa niliona ahadi ile, ya vishada vya asmini vya kuvaa kifuani, imenihamia mimi.

Mwezi wa kwanza mti ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili majani machanga yakaanza kujikunja. Vitumba vikawa vinaanguka kabla ya kufunguka. Majani ya chini yalinata mkononi, halafu yakafanya weusi kama masizi ya sufuria. Mama akasema ni hasadi: watu wengi wamepita uani kuja kutazama vyombo vya harusi, na jicho la mmoja wao limeuangukia mti. Na mimi niliyesoma sekondari, niliyemchora panzi na viungo vyake vyote kwenye daftari, nikamwamini. Nikatia makaa na ubani ndani ya chetezo chako, nikakiweka chini ya matawi, nikaufunika mti shuka kama tunavyofukiza nguo. Nikakaa pembeni nikijiona mtu mwenye akili.

Nilipofunua, matawi ya upande mmoja yalikuwa yamebabuka, majani yamelegea kama mchicha uliotoka kwenye chungu.

Nililia, Somo. Siku ya maziko yako sikulia hivyo, nilikuwa na kazi ya kupitisha kahawa. Nilikaa pale chini na majivu mikononi, nikakulilia wewe.

Hapo ndipo nilipowaona sisimizi. Walikuwa wanapanda pipa kwa mstari mmoja, na shughuli zao, kama hakuna kilichotokea. Nikakumbuka uani kwako, siku niliyokuja mbio na birika la maji ya moto kuwamwagia sisimizi wa mbilingani zako. Ulinishika mkono ukasema, "Usimtazame sisimizi. Tazama anakwenda kwa nani." Nikawafuata kwa kidole mpaka nchani, nikageuza jani. Vidukari, Somo. Wa kijani, wamebanana hata pa kutia sindano hapana, wananyonya utomvu wa mti, na sisimizi wanawalamba utamu wao. Ule unato ulikuwa wao, na ule weusi ulikuwa umeota juu ya unato. Hapakuwa na jicho la mtu.

Basi nikafanya kama wewe. Nikakata ncha zilizojikunja na matawi yaliyoungua, nikayatia motoni, sikuyaacha pembeni ya ua. Nikakwangua sabuni ndani ya ndoo, nikaikoroga mpaka maji yakapauka kidogo tu, na kwa kitambaa nikafuta kila jani chini na juu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha nikausuuza mti kwa maji matupu. Kila baada ya siku mbili nikarudia.

Na sabuni ya siku hizi hujui wewe ilivyo. Mama alipiga foleni tangu alfajiri akapata nusu mche. Aliponikuta na ile ndoo akashika kiuno. "Sabuni ya foleni unaoshea mti? Baba yako kanzu yake ifuliwe na nini, mate?" Nikamwambia ni kwa ajili ya ahadi ya Bi Tatu. Siku ya pili alinikatia kipande yeye mwenyewe, kidogo kama kucha, akasema hicho ndicho cha mwisho. Hakikuwa cha mwisho.

Vidukari walipungua lakini sisimizi hawakuchoka, kila siku wanawapandisha wengine. Nikakumbuka kabati lako la chakula, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji. Harubu alikuwa bado hajawa mume wangu, nikampelekea salamu kwa dada yake kwamba natafuta karai kubwa. Alilileta karai siku ile ile, hakuuliza la nini. Somo, hapo moyo wangu ulikwisha. Nikapanga matofali matatu ndani ya karai, pipa juu yake, maji kuzunguka. Siku tatu baadaye sisimizi wamo tena mtini: tawi moja lilikuwa linagusa ukuta, wamelifanya daraja. Nikalikata, nikacheka peke yangu. Na wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa walipokuja, Mama alitaka kuwaponda. Nikamzuia kwa maneno yako: "Huyo mwache, huyo anakula wenzake."

Mti ulipona. Lakini siku ya harusi ulikuwa na majani tu, na vitumba vya kijani vigumu kama punje za mchele. Vikuba vilinunuliwa Darajani. Nikavivaa, nikatabasamu, watu wakanisifu. Ndani nilikuwa nimekuangusha.

Kisha fungate, hapa hapa kwetu. Mimi sitoki chumbani siku saba, je, nani atatia maji ndani ya karai? Siku ya pili nikamweleza Harubu, kwa haya, nikitazama mkeka. Alinisikiliza kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. Akauliza moja tu: "Sabuni kiasi gani?"

Asubuhi bwana harusi huyo, na kikoi chake kipya, kachutama uani anafuta majani. Wanawake waliokuwa wanapika wakamshika kwa utani. Nilisikia yote kupitia mlangoni. Shangazi yangu akasema, "Huyu kaoa mti, msichana kapewa nyongeza." Naye akajibu, "Mti hauli sana, mama zangu." Walicheka mpaka nikasikia mwiko unaanguka. Akafanya hivyo kila siku.

Siku ya saba, alasiri, akaingia na kisahani amekifunika kwa kitambaa. Tumba tisa za asmini, zimeshakuwa nyeupe, bado hazijafunguka. Tukakaa mkekani tukazitunga kwa uzi, yeye anashika, mimi natoboa. Tumba tisa hazitoshi kikuba, unajua. Nikazifunga na kishada kimoja cha mrehani, nikajibandika kifuani. Magharibi zikafunguka zote, chumba kizima kikanukia kwako.

Ndiyo hesabu ya amana yako, Somo. Imechelewa siku saba, lakini haikutoka sokoni.

Nimeinamisha tawi la chini ndani ya debe la udongo, nikaliwekea jiwe juu, kama ulivyokuwa ukifanya. Likitoa mizizi litakwenda kwa Bi Khadija, kwa ajili ya Maryam, mjukuu wako. Amekuja kuniomba niwe somo yake. Mimi, niliyeufukiza mti ukaungua. Nimekubali. Nitamfunda yote uliyonifunda, na kugeuza jani pia.

Mungu akulaze pema, mama yangu. Naenda kutia maji ndani ya karai, kisha nipike chai, leo na sukari.

Vikuba vya harusi ya Maryam havitatoka sokoni.

Mwari wako,
Zainabu