Jina Lililomwagikia Soko

Nyandira, Mgeta
12 Aprili 1999

Mume wangu mdogo Godfrey,

Umeamkaje huko mjini? Mimi naamka, magoti ndiyo hayaamki. Regina wa jirani anaandika ninavyosema, nimemkataza kupamba.

Kabichi zangu zimeoza. Anselmi wa lori anasema lebo yenu ya kompyuta, mahali pa soko, iliandika Kobelo. Kazunguka Dar yote, hakuna soko la Kobelo. Babu yako Kobelo yuko makaburini, kabichi hali tena. Wenzangu wanataka kuiacha ofisi yenu ya mizigo, warudie kuandika magunia kwa rangi. Nimewaambia wangoje, mjukuu wangu ndiye aliyeitengeneza hiyo programu. Nijibu basi, maana nimechoka kukutetea.

Bibi yako

Morogoro Mjini
19 Aprili 1999

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti, pole zaidi na kabichi. Mimi mzima, ila silali vizuri.

Kosa ni langu. Ndani ya kompyuta nilitenga nafasi ya herufi thelathini tu kwa jina la mwenye mzigo, na nafasi ya soko ikafuata papo hapo. Amri niliyotumia, sprintf, humimina bila kuangalia mdomo wa gunia. Jina lako ni refu: Maria Apolonaria Lukuwi mke wa Kobelo. Likajaa, likafanya lumbesa, kama kile kilima wanunuzi wanachowalazimisha mshindilie juu ya gunia. Kilichozidi kikaangukia soko, kikalifuta.

Sasa nimeweka snprintf. Hiyo naiambia ukubwa wa nafasi, ikifika mwisho inakata. Bosi amesema nikikosea tena niondoke. Sitakosea.

Mjukuu wako

Nyandira
10 Mei 1999

Mume wangu,

Pole yako imefika, magoti hayajaisikia.

Umekata kweli. Lebo yangu sasa inasema Maria Apolonaria Lukuwi mke wa. Mke wa nani? Regina kaigeuza nyuma akitafuta mume. Na somo yangu, binti wa kaka yangu tuliyempa jina langu lote ubatizoni, yeye ni mke wa Mzeru. Lebo yake nayo imeishia hapohapo. Karoti zake zimekwenda kwa mteja wangu, na Jumapili kanisani kanipita kama nguzo. Mtoto niliyembeba mgongoni.

Hicho kidude kilipokata hakikukwambia? Au kilikwambia ukajifanya husikii, kama ulipokuwa ukitumwa maji?

Bibi yako, mke wa Kobelo

Morogoro Mjini
17 Mei 1999

Shikamoo Bibi,

Natumaini baridi ya huko imekuhurumia.

Kiliniambia. Kila inapomaliza, snprintf hurudisha idadi ya herufi ambazo jina lilihitaji. Idadi ikizidi nafasi, ujue jina limekatwa. Mimi nilikuwa siitazami. Niliridhika tu kwamba hakuna kilichomwagika.

Leo nimeshinda nikirekebisha. Sasa programu inauliza kwanza urefu wa jina, ndipo inatenga nafasi ya kulitosha, na moja ya ziada kwa alama ya kufungia mwisho wa jina. Nimejaribu jina lako na la somo yako, yametoka mazima. Mwambie aliyekosa ni mimi.

Nimechoka, Bibi. Nitaandika.

Mjukuu wako

Nyandira
21 Juni 1999

Mume wangu,

Hukuandika. Hali yako siiulizi, Anselmi keshanieleza. Kwenye kiti chako kakaa kijana mwingine. Anasema siku ile ya barua yako ya mwisho, asubuhi uliambiwa uondoke, ukaomba ukae mpaka jioni umalize lebo zetu. Nami ukaniandikia habari za baridi.

Lebo zinakuja nzima. Somo yangu kaja na bakuli la njegere, tukazimenya pamoja. Kaondoka giza limeingia.

Usijifiche huko kwa aibu. Aibu hailimi, na mimi kuinama siwezi tena. Lori linapanda Alhamisi. Nimempa Anselmi lebo yako, Regina kaiandika kwa mkono: Godfrey Kasiani Kobelo, mjukuu wa Maria Apolonaria Lukuwi mke wa Kobelo. Mahali pa soko: Nyandira, kwa Bibi.

Ibandike kifuani, upande lori. Karatasi haikutosha, tukaunga nyingine.

Bibi yako