Nilimpima mama mkwe kwa kamba akiwa amelala

Mama Adelaïde mpendwa, nakuomba unisaidie kabla nyumba yangu haijaharibika kabisa, maana hapa Kirolirwe hakuna anayenisikiliza tena, na mke wangu Verdiane ameniambia nichague, ama vyuma vyangu vya useremala nivitupe mtoni ama amchukue mama yake warudi kwao, na mama yake kwa hali aliyonayo hawezi kufika hata nusu ya njia.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye shamba la mzungu mmoja mwenye ng'ombe, mchana nikishamaliza niko huru, na mwaka jana nilipokwenda Walikale kwenye harusi nilinunua kwa mjane mmoja, Mama Françoise, vifaa vya marehemu mume wake, yaani randa, msumeno uliong'oka meno, patasi ambayo mpini wake umefungwa waya, na nyundo. Hakuna aliyenifundisha. Ile randa niliinoa juu ya jiwe hadi vidole vikachubuka, na siku ilipokubali kutoa utepe wa mbao mrefu na mwembamba nilicheka peke yangu kama mjinga. Nimetengeneza kigoda kinachoyumba na mlango wa banda la kuku usiofunga, majirani wakaniita fundi wa Jumapili, wala sikukasirika, kwa sababu tangu nimekuwa mtu mzima sikumbuki kitu kingine kilichonifurahisha hivyo.

Sasa mama mkwe, ambaye jina lake siliandiki, unajua mwenyewe heshima ya kwetu, alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya kifua, na kule hospitali ya Kirotshe walimpa dawa na kumwonya asilale tena chini kwenye mkeka, maana baridi ya milima hii inapanda kutoka ardhini. Nikasema moyoni nitamtengenezea kitanda, na nitakificha mpaka kiishe ili afurahi. Lakini kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe, wala hazungumzi naye uso kwa uso, salamu zinapita kwa mke, basi ningemuulizaje urefu wake? Mchana mmoja Verdiane alikuwa shambani, nikaona mama amelala, nikaingia kwa kunyata na kamba nyembamba tunayofungia ndama, nikainyoosha juu yake kutoka kichwani hadi miguuni, nikafunga fundo, nikatoka nimejaa haya.

Hakuwa amelala, Mama Adelaïde. Na hapa kwetu, tangu Wakristo waanze kuzikwa katika mbao, mtu aliyelala hapimwi kwa kamba mpaka awe amekufa, ndiyo kazi ya katekista, naye hufunga fundo vilevile. Mimi nililijua hilo, wala halikunijia hata kidogo, nilikuwa nafikiria kitanda tu. Yeye hakusema kitu, kwa sababu heshima inayonifunga mimi inamfunga na yeye. Akawa analala pale, na nyuma ya ukuta anasikia randa kila alasiri.

Baadaye akaja katekista wetu, Papa Nzabandora, akaziona mbao mbili ndefu za mti wa libuyu zimeegemea ukuta, akavua kofia na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Papa Evode, mama alituacha lini?" Nikamvuta kando kumweleza, lakini ukuta wetu ni wa udongo, sauti inapita. Siku ile mama alirudisha chakula. Alimwambia Verdiane, "Hii maharagi mupe batoto. Bwana yako alisha kunipima, mbao iko tayari, sasa munanilisha ya nini?" Dawa pia hataki.

Nilimtuma Verdiane akamweleze kwamba ni kitanda, naye akajibu, "Ndio vile wanaambiaka wagonjwa." Verdiane alinirudia analia, akaniambia, "Kama ulitaka urefu yake si ungeniuliza? Mimi niko mutoto yake, tuko urefu moja."

Kuna jambo moja ambalo Verdiane halijui. Juzi nilitoboa ubao mmoja mahali pasipo pake, tundu likawa kubwa, kwa kitanda haufai tena. Nikauangalia, na nikafikiri, bila kutaka, kwamba kwa ile kazi nyingine bado utafaa, kwa maana yule mama hali chakula tena, na mbao ni ngumu kupata. Nikauweka kando, nikaufunika turubai usinyeshewe. Tangu hapo nikishika randa mkono unakuwa mzito. Nivitupe hivi vyuma? Nimwambie nini mtu ambaye siruhusiwi kuzungumza naye?

Evode K., Kirolirwe

*

Evode, barua yako nimeisoma nikakuhurumia, nimeirudia nikakukasirikia, kwa hiyo yapokee yote mawili.

Wewe ni mtu mwema aliyefanya jambo la kipumbavu, na wengi tuko hivyo. Ulitaka kumfurahisha mwanamke mgonjwa kwa kumficha jambo linalopiga kelele nyuma ya ukuta wake. Umevunja heshima kwa kuingia anapolala, kisha unajificha nyuma ya heshima hiyohiyo ili usimtazame. Mkeo amekuambia ukweli: ungempima yeye amesimama, kama fundi cherehani anavyompima mtu nguo, na leo mama angekuwa anakula maharagi yake.

Usivitupe vifaa. Havina kosa, na mama akisikia umevitupa ataelewa jambo moja tu, kwamba jeneza lake limekwisha. Ila alasiri hii uache kufanyia kazi nyuma ya nyumba. Verdiane amtoe mama nje, amkalishe juani na blanketi, wewe ukae mbele yake umempa mgongo. Heshima imekukataza kumsemesha, haikukukataza kufanya kazi anakuona. Kazi ndiyo itakayozungumza, maana maneno yameshindwa, na mimi mwenyewe nikiwa mgonjwa nisingeamini maneno.

Ile kamba bado unayo, usinidanganye. Mpe Verdiane, ampe mama mkononi, bila hotuba. Alifungue lile fundo mwenyewe au aitupe jikoni, ni yake. Kisha Verdiane akamwite Papa Nzabandora aje akae hapo, na kofia yake kichwani, anywe kitu, na aulize kwa sauti kubwa kitanda kitaisha lini. Aliyemtisha mama kwa swali amsaidie kwa swali.

Sitakudanganya kwamba ataamka na kuimba. Kifua kile si cha kupuuza, na aliyekaa bila chakula hurudi polepole, pengine asirudi. Inawezekana kitanda kikamalizika, akakilalia majuma machache, mkamzika. Basi hata hivyo maliza, kiyumbe kama kigoda chako. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanamke anayekufa akijua mkwe wake alikuwa anampandisha atoke kwenye baridi, na mwanamke anayekufa akihesabu mapigo ya nyundo.

Sasa ule ubao. Sikushangai kwa kilichokupita kichwani, aliyeuguza mtu nyumbani anayajua mawazo hayo na anayaonea haya. Lakini wazo linapita, wewe ukalifunika turubai lisinyeshewe. Mama yule anasema kuna mbao inayomngoja, nyote mnamwambia ni ya kitanda tu, na kumbe kweli ipo moja, nawe unajua imeegemea wapi. Ndiyo maana mkono wako ni mzito.

Na katika barua yako nzima umetaja mbao ndefu, hukutaja miguu ya kitanda hata mara moja. Nadhani unaiogopa kwa sababu ndiyo migumu, ukaanza na pande ndefu. Yeyote anayechungulia anaona pande mbili ndefu, angefikiri nini? Jeneza halina miguu, Evode. Anza na miguu, mama akiwa anakutazama, na usitafute mbao nyingine. Vua lile turubai, uchukue ubao wenye tundu, ukate vipande vinne. Ukishakatwa hivyo hautamtosha maiti yeyote, naye mama atakuwa ameona kwa macho yake.