Meno Yangu Kwenye Fulana za Harusi

Salim, mjukuu na mume wangu,

Huku Timbwani sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako mdogo Zuena tushamweka ndani akingoja harusi, na wallahi Likoni nzima haina bibi harusi mzuri kama mwanangu.

Nimeicheka picha uliyonitumia. Uliiandikia kompyuta ifute cheupe chote nyuma yangu, nibaki mimi tu juu ya fulana za samawati za harusi hii, nayo ikafuta hata meno yangu! Na halijang'oka hata moja! Sasa waniuliza, umpe mwenye duka la picha akukatie?

Ngoja kwanza. Nilipokuwa mwari, mama alitupa mimi na dada yangu Mwanaisha pazia kuukuu jeupe, lililotariziwa maua kwa uzi mwekundu, tuyakate tuyashone kwenye pazia la kijani. "Toeni cheupe," akasema. Mwanaisha akatoboa hata katikati ya maua, kwani napo palikuwa peupe. "Ewe, umenikatia maua au chujio la tui?" mama akamwuliza. Mimi, fundi tangu hapo, niliuingiza mkasi pembeni, nikaufuata weupe taratibu, na kila nilipokutana na uzi nikasimama. Cheupe cha ndani sikukigusa.

Kompyuta siijui, mume wangu. Lakini pengine nayo yataka kuambiwa ianzie wapi na isimame wapi.

Jaribu tena. Mashoga zangu nimeshawaambia picha hiyo haikupita dukani, ni kazi ya mjukuu wangu. Nao wanajua mimi sisemi uongo.

Akupendaye kuliko wote,
Bibi yako