Tabu Alipoacha Kushika Spana

Kwa kaka yangu Wafula,

Nimechoka, na leo sitaki kujifanya sijachoka. Nimeandika vitabu viwili vya watoto, lakini barua hii moja imenishinda kuianza kwa muda mrefu. Naiandika wazi, ili wanaovisoma vile vitabu nao waisome. Utanisamehe kwa hilo, maana hukupenda mambo yako yaanikwe.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa fundi wa mitambo ya kupoza maziwa, leo uko Subukia, kesho uko Molo. Jumapili baada ya kanisa ulikuwa ukipitia kwangu hapa Nakuru kunywa chai kabla ya kwenda nyumbani kwako. Siku moja nilikuwa nalalamika kwamba wanafunzi wangu wa Kiswahili kule Gilgil hawana hadithi yoyote ya kisayansi ya kusoma. Kila ukigeuka ni sungura na fisi.

"Sasa si uandike moja?" ukasema. "Weka watu waishi chini ya volkano ya Menengai. Huku juu kumekuwa moto sana, hakukaliki. Huko chini wanatumia mvuke kwa kila kitu."

"Na mabomba yakipasuka, nani anatengeneza?" nikakuuliza kwa utani.

"Msichana," ukasema bila kufikiri. "Miaka kumi na minne. Anaitwa Tabu."

Tulikaa na Tabu Jumapili za miaka miwili. Wewe ulisimulia, mimi nikaandika. Uliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, ukaanza kubebea mafundi vifaa ili mimi niendelee, na mwandiko wako ulikushinda hata wewe mwenyewe kuusoma. Lakini ulijua vitu ambavyo sikuvijua. Nilipoandika kwamba mtambo mkuu ulizimika kwa mlipuko mkubwa, ulitikisa kichwa.

"Hapana, madam. Mtambo haufi kwa kishindo. Kwanza unabadilisha sauti. Kidogo tu. Tabu lazima aisikie hiyo sauti kabla ya watu wengine."

Nikafuta ukurasa mzima. Ukurasa niliouandika badala yake ndio wanafunzi wanaoupenda kuliko yote katika *Watoto wa Mvuke*. Sentensi zilikuwa zangu, hilo nitalisema bila haya. Lakini Tabu alikuwa wako, na mabomba yalikuwa yako, na ile hofu ya watu wanaosikiliza kuta zao usiku kucha ilitoka kwako.

Mchapishaji alipopiga simu kuuliza jina la mwandishi liandikwe vipi kwenye jalada, nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa shule. Sikufikiri. Nikataja langu. Nimejipa sababu nyingi tangu siku hiyo: kwamba hukupenda makelele, kwamba kazi ya kuandika niliifanya mimi, kwamba kitabu cha shule kinapendeza kikiwa na jina la mwalimu. Zote ni sababu za baadaye. Ukweli ni kwamba nilitaka kiwe changu.

Nilikuletea nakala ya kwanza ukiwa kazini. Ulifuta mikono kwa kitambaa, ukaifuta tena, ndipo ukaipokea. Uliangalia jalada kwa muda, nami nikawa nangoja useme.

"Jina lako limekaa vizuri," ukasema.

Kisha ukafungua ndani, ukatafuta pale Tabu anapoziba bomba kwa ulimi wa kiatu chake, ukacheka kwa sauti. Basi. Jumapili iliyofuata ulikuja kama kawaida, ukavuta kiti, ukauliza, "Haya, kitabu cha pili. Tabu anapanda juu kumtafuta mamake, ama vipi?"

Ungenigombeza, ingekuwa rahisi kwangu. Hukunigombeza.

Katika kitabu cha pili ulimwekea Tabu milango minane, kutoka chini hadi juu. Kila mlango una kasoro yake, na Tabu hawezi kuufungua kwa nguvu. Mpaka aelewe kwanza kimeharibika nini. Mmoja bawaba zake zimevimba kwa joto. Mwingine umefungwa na watu walioogopa, wakapoteza ufunguo, wakaona aibu kusema. Ulinisimulia milango saba.

Halafu ukaanguka kule Molo, tochi mkononi, ukiwa umepiga magoti nyuma ya mtambo. Presha, walisema. Nilifika ukiwa umeshafunikwa. Tulikupeleka nyumbani Magharibi, tukakuzika pembeni ya baba, na baada ya wiki mbili nikarudi darasani kufundisha ngeli.

Mchapishaji alinipa pole, akanipa muda, kisha akaanza kupiga simu. Nikakimaliza peke yangu. Mlango wa nane sikujua una shida gani, kwa hivyo niliulipua. Ndiyo, kaka, kwa bomu. Baada ya hapo nikaleta mvulana kutoka sayari nyingine, mwenye macho ya fedha, akampenda Tabu. Nikaleta vita. Mama yake Tabu, uliyetaka awe mtu wa kawaida aliyekwama mahali, nikamfanya malkia. Niliandika hivyo nikiwa nimechoka, na nilijua ninachofanya, lakini mkono ulikuwa unataka tu kufika mwisho. Kitabu kikatoka. Watu wazima wakanisifu.

Mwaka huu shule moja ya upili kule Molo ilinialika kuzungumza na chama chao cha wasomaji. Watoto kama arobaini walikuwa wamejikunja ndani ya masweta kwa baridi, nakala za kitabu zimechakaa mikononi mwao. Msichana mmoja wa kidato cha pili, anayeitwa Chelangat, akainua mkono.

"Madam, naweza kusema ukweli?"

"Sema."

"Cha kwanza nimekisoma mara nne. Hiki cha pili, hadi mlango wa saba nilisahau hata kwenda kula. Halafu hapo kwa mlango wa nane ni kama gari imebadilisha dereva. Tabu hajashika spana tena. Anangoja tu yule boy amuokoe." Akafunua kurasa za mwisho. "Hiyo nusu ingine ni nani aliandika?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu wao akamwambia aketi. Nami nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha, nikasema, "Niliandika yote mimi. Hata mwandishi huchoka."

Wakapiga makofi. Chelangat hakupiga. Aliniangalia tu, kisha akakifunga kitabu.

Niliandika yote mimi. Nililisema hilo Molo, kaka. Kutoka kwenye lile darasa hadi pale ulipoanguka, mtu anatembea kwa miguu.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa mke wako, Mama Sifa. Nilimkuta anachambua maharagwe uani. Nikaketi, nikamweleza habari za vitabu, kuanzia ile simu ya jalada. Hakuacha kuchambua.

"Mimi nilijua," akasema. "Hata Sifa anajua. Baba yake alikuwa akitoka kwako anakuja kutusimulia yote tena hapa mezani. Halafu anasema, 'Na vile madam atakavyoiandika, mtaona.'"

"Mbona hukuniuliza?"

"Kwani ni mimi uliyenikosea?" Akatupa jiwe dogo kando. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Aliingia ndani akaniletea chai, tukachambua pamoja hadi maharagwe kwenye sinia yakaisha. Hakunifariji. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Nikampigia mchapishaji. Akaniuliza kama nina hakika, akaniambia jambo kama hili linaweza kuniharibia jina. Nikamwambia jina hilo ndilo lililoniletea taabu. Mwishowe akakubali: vitabu vyote viwili vitakapochapishwa tena vitakuwa na majina mawili, na lako litatangulia. Nakala zilizoko mashuleni zitabaki zilivyo. Hizo siwezi kuzifuata moja moja, ingawa nimeshafikiria hata hilo.

Kisha nikaomba tena saa moja kule Molo. Nilisimama mbele ya watoto wale wale, nikawaambia jina lako, kazi yako, na Jumapili zetu. Nikawaambia nilidanganya. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu wao alikuwa anaangalia viatu vyake.

Chelangat akainua mkono.

"Pole, madam," akasema kwanza. Kisha, "Sasa huo mlango wa nane, kaka yako angeufungua aje?"

Hapo ndipo niliposema lile ambalo hata Mama Sifa sikumwambia. Jumapili yako ya mwisho ulianza kunieleza. Uliinama mbele, ukasema, "Mlango wa nane ndio mtamu, madam. Huo hauna kasoro yoyote." Mimi nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Niambie wiki ijayo." Ukasema sawa, ukamaliza chai yako, ukaenda.

"Kwa hivyo sijui," nikawaambia. "Ningejua kama ningemsikiliza."

Halafu mvulana aliyekuwa nyuma akasema polepole, kana kwamba anajisemea, "Kama hauna kasoro, basi haukuwa umefungwa."

"Zi," akakataa Chelangat, akageuka. "Umefungwa vizuri tu. Kuna mtu ameushikilia kutoka ule upande mwingine. Mamake."

"Anaushikilia kwa nini?"

"Anaogopa. Hajui ni Tabu."

"Basi si Tabu aseme ni yeye!"

"Na kama mama hawezi kusikia?"

"Atapiga bomba kwa spana. Mama atajua mkono wake."

Wakashikana kwa maneno hivyo hivyo, wengine wakasimama, mmoja akaenda ubaoni akachora mlango. Walibishana hadi kengele ikalia, na hata ilipolia hawakutoka. Mimi nilirudi nyuma nikaegemea dirisha. Hakuna aliyenitazama tena.

Sitaandika cha tatu. Usinitarajie. Chelangat ameniomba ruhusa waandike wao, na nimewaambia ruhusa si yangu kuitoa, wamwandikie Mama Sifa. Nasikia wameshamwandikia.

Pumzika, kaka. Sina la kujitetea.

Ni mimi,
dada yako mdogo