Namba Kumi na Nne Inapokewa

Bi Saada,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko uliko. Barua hii haina wa kuipeleka, lakini naiandika.

Nimekaa kwenye kiti chako. Mwanzo nilikikwepa, nikawa nafanya kazi juu ya kile cha plastiki chenye mguu uliopinda, mpaka Riziki wa meza ya jirani akaniuliza kama heshima yangu kwako ndiyo hiyo ya kujivunja mgongo. Basi nimekaa. Mkubwa wetu, Bwana Shaame, amebadilisha mapazia ya kituo. Gari la wagonjwa la Wete limerudi kutoka kwa fundi. Karafuu zimeanikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na mchana harufu yake inajaa chumbani kwetu hata mate yanakuwa makali mdomoni. Hayo ndiyo mapya ambayo ungeyauliza. Ninayotaka kukwambia ni mengine.

Sikukuona ukitiwa kaburini. Wewe unajua ilivyo, wanaume walikubeba na sisi tukabaki ndani. Ulitoka hapa Chake Ijumaa jioni, mzima, umebeba mkate wa kumpelekea mama yako, na Jumapili tukaambiwa presha. Tulipofika kwenu Makoongwe uso wako ulikwisha kufunikwa. Niliona kitambaa cheupe, nikaona migongo ya wanaume mlangoni, basi. Asubuhi ya Jumatatu nikafungua kompyuta, na kwenye ukurasa wa mfumo wa simu jina lako lilikuwa pale pale, namba kumi na nne, kati ya kumi na tatu na kumi na tano. Kando yake taa ya kijani. Kando ya taa, neno moja: Yupo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzisoma taa zile. Nilikuja na cheti changu cha chuo kupokea simu za wanaoomba gari la wagonjwa, nikidhani simu ni kitu cha kubonyeza. Ukanambia nisiguse kitufe kabla sijatazama ukurasa: kijani yupo, nyekundu anazungumza, kijivu hayupo. Ukanifundisha kuanza siku na orodha ya simu zilizopotea, niwapigie wote kabla ya chai. Na ukanifundisha kuhamisha simu, jambo nililodhani nalijua. Mimi nilikuwa nabonyeza, naandika namba ya dereva, naweka mkono wa simu chini. Ulinitazama siku ile kama niliyemwacha mtoto barabarani.

"Usimtupe mtu, Nassra. Mkabidhi."

Kwa hiyo nilijifunza. Mgonjwa anasubiri upande mmoja, nampigia dereva upande wa pili, namwambia ni nani, yuko wapi, ana shida gani, ndipo nawaunganisha. Na hata hapo sitoki. Nakaa kimya kati yao mpaka mmoja atoe salamu na mwenziwe aiitikie. Ulisema simu inaweza kuonekana nzima kwenye ukurasa na upande wa pili pasiwe na mtu, ila salamu ikishaitikiwa, hapo unajua pana mtu hai. Nilicheka. Nilidhani ni uzee. Sasa sicheki.

Kwa sababu namba yako ilikuwa inapokewa, Bi Saada.

Niliiona kwenye ripoti ya asubuhi. Simu kutoka Wingwi kwenda namba kumi na nne: imepokewa. Simu kutoka Kiuyu kwenda namba kumi na nne: imepokewa. Ofisi nzima, hakuna aliyegusa simu yako ya mezani. Nikamwita fundi wa mitandao, akaichomoa, akauzungusha waya wake, akaifungia kabatini. Akatania kwamba ikilia tena nisimwite yeye, nimwite shehe. Kesho yake ripoti ikasema: imepokewa. Riziki akaanza kusoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha kompyuta, na mimi, niliyesoma, niliyekuwa nikimcheka, nikawa nasogeza kiti karibu naye nisikie vizuri.

Halafu watu wakaanza kupiga namba kubwa ya kituo kulalamika. Unajua watu wako. Wameizoea namba yako miaka yote, wakipiga wanaongeza kumi na nne bila kusikiliza maelezo. Wakasema Bi Saada kapokea ila hasemi. Bibi mmoja wa Wingwi akaniuliza kwa unyonge kama amekuudhi. Sote tulikuwa na jibu moja, mimi na Riziki na hata mlinzi: hayupo. Neno fupi, la adabu, halimuumizi mtu. Wakaitikia haya, tutampigia baadaye. Wakapiga baadaye.

Ijumaa moja, wanaume wote wameondoka kwenda msikitini, Riziki yuko uani anasali, nikabaki peke yangu na feni. Jua limesimama juu ya bati. Taa yako ikageuka nyekundu. Mtu alikuwa akizungumza nawe, au akisikilizwa nawe, sijui niseme vipi. Nikaitazama mpaka ikarudi kijani. Nikanyanyua mkono wa simu, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne.

Ililia mara chache. Ikapokewa.

Nilisikia pumzi. Si upepo wala si kelele za waya, nimekwisha kuzijua kelele za waya. Pumzi ya mtu, nzito, karibu na sikio. Nyuma yake, mbali, jogoo. Nikatoa salamu. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto wa chuo cha Kurani. Nikangoja.

Haikuitikiwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kisiwani kwetu mtu anaweza kuwa na hasira nawe, anaweza kukudai, anaweza kuwa amekugomba jana, lakini salamu ataiitikia, hata kwa kunong'ona, hata kwa kukupa mgongo. Nikarudia. Pumzi ikaendelea. Nikasema, "Bi Saada?" Najuta kulisema jina lako vile, kwa hofu. Simu ikakatwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe aliyelala.

Sikumwambia mtu. Nilitembea na kitu kile. Nilikuwa nikiosha vyombo nasikia pumzi. Na pamoja na hofu kulikuwa na jambo la aibu zaidi: nilikuwa natamani kupiga tena.

Wiki iliyofuata mwanamme mmoja wa Kiuyu alipiga kuomba gari. Mkewe alikuwa na uchungu, damu inatoka. Akapiga moja kwa moja kumi na nne, kwa sababu watoto wake wawili wa kwanza wewe ndiye uliyewapelekea gari. Ikapokewa. Akaeleza yote, kijiji, njia, mti wa kona, akasema Bi Saada twakungojea, akakata. Wakangoja. Walipochoka kungoja wakamtoa mkewe kwa gari ya ng'ombe mpaka barabara ya lami. Mama na mtoto wamepona. Mkunga alisema wamepona kwa kidogo sana, na alisema hivyo akinitazama mimi.

Yule mume hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yako, amevua kofia, akataka kukuona. Riziki akamwambia hayupo. Akasema atangoja.

Bwana Shaame aliniita ofisini, akafunga mlango. Akanambia nilifute jina lako kwenye mfumo kabla ya Jumatatu, akanipa nywila yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui pa kubonyeza. Kisha akatazama dirishani na kusema mikono yake haimtii.

Nikaufungua ukurasa wako kwa mara ya kwanza. Nikaona picha yako ya kitambulisho. Nikaona saa zako za kazi. Na chini, pale panaposema simu zielekezwe wapi, nikaona namba ya simu yako ya mkononi. Uliiweka Ijumaa ile kabla ya kuondoka, na bila shaka kila Ijumaa, ijapokuwa Bwana Shaame alitukataza kupokelea simu za kituo nyumbani. Hukuniambia. Na mimi sikuifikiria simu yako ya mkononi hata siku moja, kwa kuwa kwetu simu ya marehemu huzimwa. Kumbe ilikuwa inachajiwa. Kumbe kila aliyekutafuta alikuwa anaita Makoongwe, ndani ya nyumba ya mama yako.

Hofu yangu ilipaswa kwisha hapo. Haikwisha, ilibadilika tu. Kulikuwa na kitufe chekundu cha kufuta, na mfumo unauliza: Una uhakika unataka kumwondoa mtumiaji huyu? Sikuwa na uhakika. Nikafunga kompyuta. Ijumaa nikaenda Mkoani, nikavuka mpaka Makoongwe kwa boti ya mashine pamoja na magunia ya unga.

Mama yako, Bi Mize, alinipokea vizuri mno, kama mtu aliyekuwa akinitarajia. Simu yako ilikuwa mapajani mwake, imefungwa kwenye leso yako ya kijani. Akanikaribisha muhogo na samaki, akauliza hali ya kila mtu ofisini kwa jina, hata wa zamani walioondoka. Nilikula kidogo. Kisha nikamweleza habari ya mume wa Kiuyu, kwa sauti ya chini, na sikuongeza neno.

Akainama juu ya simu, nikamsikia akivuta pumzi. Pumzi ile. Niliitambua papo hapo, na vinyweleo vya mkono vikanisimama hata huku namwona mwenyewe, bibi mdogo mwenye miwani, jogoo wake yuko uani.

Nikamuuliza kwa nini hakuwa akisema neno. Akanijibu bila kunitazama.

"Miye nkinyamaza, wao wadhani Saada kashughulika tu. Nkisema, ndo ashakufa."

Nikamuuliza kuhusu salamu. Akasema ameziitikia zote moyoni, hakuna hata moja aliyoiacha. Na yangu pia.

Nilimwambia namba lazima ifutwe, maana watu wanaeleza shida zao pasipo na wa kuwasaidia. Akasema anajua. Alikuwa amejua tangu aliposikia yule mwanamme akitaja damu, na alitoka mpaka njiani na simu mkononi, akarudi, hakujua ampe nani. Akaifungua leso na kuikunja. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: nikishafuta, watu wakikuulizia, nitawaambia nini? Nikasema nitawaambia hayupo. Akatikisa kichwa.

"Hayupo ni mtu aliyekwenda sokoni, mwanangu. Sema."

Sikuweza. Nikalia kwanza. Alinisubiri nimalize, hakunibembeleza, kama wewe ulivyokuwa hunibembelezi nilipokosea. Ndipo nikasema: Bi Saada amefariki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Na mama yako akaitikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," polepole, kwa mshangao, kama jirani aliyeletewa habari mlangoni.

Nikafungua mfumo kwenye simu yangu, akasogea aone. Una uhakika? Nikabonyeza. Mstari wako ukatoweka, na kumi na tano ikapanda kukaa chini ya kumi na tatu, bila hata alama.

Sasa sikiliza hili, maana sina mwengine wa kumwambia. Tulikuwa bado tumeinama juu ya kioo. Simu yako ikalia mapajani mwake. Kwenye kioo chake pameandikwa Kazini, namba ya kituo chetu. Tukatazamana. Bi Mize akaisukuma kwangu, akasema pokea weye. Nikapokea, nikatoa salamu. Upande wa pili kulikuwa kimya. Si kimya cha simu iliyokatika. Kilikuwa kimya cha mtu aliye kati ya watu wawili, anayesubiri kuwasikia. Nikatoa salamu tena, na mama yako, kutoka pale alipokaa, akaitikia kwa sauti, wazi, mpaka kuku wakatawanyika. Ndipo simu ikakatwa.

Nilipompigia Riziki aliapa hakuna aliyepiga. Nimetafuta kwenye ripoti, simu ile haimo. Mfumo huchelewa wakati mwengine, simu iliyokuwa njiani inaweza kupenya baada ya namba kufutwa. Nimemwandikia fundi hivyo, naye amekubali. Mimi nimeamua kutoulizia zaidi.

Jumatatu alirudi yule mume wa Kiuyu. Nilisimama, nikamweleza. Alikaa chini palepale sakafuni, akafunika uso kwa kofia. Kisha akakuombea dua ndefu, Bi Saada, mbele ya watu wote wa foleni, nao wakaitikia amin. Mtoto ni wa kike. Sikumuuliza jina walilompa. Nimeona ni lao.

Basi nakuaga, jambo ambalo sikupata kulifanya mlangoni pako siku ile. Mama yako nitakuwa nampigia mimi, kwa jina langu, na nitazungumza. Na kila atakayekutafuta nitamwambia ukweli, nitamngoja alie kama anataka kulia, kisha nitamuuliza yuko wapi na ana shida gani, na sitamwachia mpaka nimemkabidhi. Lala, Bi Saada. Usingoje tena kwenye waya.

Wako,
Nassra