Mashimo ya Kifuniko cha Mama

Bula Iftin,
Garissa.
19 Februari, 2023.

Mpendwa dada yangu Shurie,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, na shemeji Abdisamad hajambo? Watoto je, kikohozi kimewaachia? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ingawa mvua imekataa tena na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Kaka Yussuf, tangu arudi kutoka Bura, amebaki na fimbo yake tu. Hana tena mnyama wa kuchunga, anashinda kwenye mkeka akitazama mlango.

Nakuandikia Kiswahili, maana Kisomali ulikiacha njiani siku mama mdogo Kaltuma alipokuchukua kwenda kukulea Tanga. Usikasirike, nakutania.

Juzi uliponiambia kwa simu kwamba sanduku la marehemu mama limefika na mashimo kwenye kifuniko, na kwamba umempelekea fundi wa huko ayazibe kwa shaba ya kung'aa, nilikata simu. Ulidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, ni mimi.

Hakuna aliyeiba kitu njiani. Mashimo hayo niliyaacha mimi.

Kazi yangu unaijua: masanduku ya mwarobaini, ya kuwekea nguo za shule na majani ya chai. Nilipochoka kuunda vitu vitupu nikaanza kuyanakshi, nikachonga maua pembeni, kisha nikajifunza kutia njumu. Unachimba umbo kwenye mbao kwa patasi, unakata mfupa ulingane nalo, unaupachika kwa gundi na kuupiga msasa mpaka kidole kisijue mbao imeishia wapi. Mifupa naichukua buchani.

Mama alipoanza kuugua, macho yake yakiwa yamekwisha kuzimika, aliniomba sanduku la msahafu wake, liwe lako baada yake. Akataka nilipambe kwa mfupa wa Bishaaro. Wewe humkumbuki, lakini ndiye ngamia aliyekukuza kwa maziwa yake. Alikuwa amezeeka, ndiye wa mwisho aliyebaki kwetu, naye siku hizo alikuwa ameangushwa na ukame huko Bura. Yussuf alirudi na mfupa wa mguu wake ndani ya gunia.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wote. Kwenye kifuniko nilichimba alama ya ukoo wetu, ile tunayowachoma ngamia shingoni, nikaijaza mfupa mweupe na kuizungushia vipande vyembamba vya mpingo. Dada, sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile. Mama alikipapasa akacheka, na tulikuwa tumekisahau kicheko chake.

Kisha akaja Maalim Abdimalik kumsomea mama dua. Akalisifia sanduku, akauliza ngamia yule alichinjwa na nani. Yussuf akasema kweli: alikufa kabla kisu hakijamfikia. Maalim akainamisha kichwa. Akasema huyo ni nyamafu, na mfupa wa nyamafu ni najisi, msahafu hauwezi kulazwa hapo.

Shurie, nilitamani ardhi inimeze. Mfupa wa buchani umekwisha kupita kwenye kisu, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kuuliza. Nilitazama weupe wake tu.

Lisilobudi hutendwa. Nilikaa kando ya kitanda cha mama nikaubandua mfupa ule kipande kwa kipande. Gundi yangu ni kali, mbao ikachanika kwenye kingo. Mama alisikia kila pigo la nyundo. Yussuf alishindwa, akatoka nje. Nilipomaliza nikaliosha sanduku, nikamwambia mama kwamba nitayajaza mashimo kwa mfupa wa halali.

Akanyoosha mkono, akapitisha kidole ndani ya alama, polepole, mpaka mwisho wake. Akasema kwa Kiswahili chake, kile alichokuwa akikiwekea akiba kwa ajili ya simu zako, akiniita "hooyo", yaani mama, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao: "Wacha hifyo hifyo, Abdihafid. Alama ya ngamia si marembo, hooyo. Ni kidonda. Sasa ndio iko sawa. Shurie akishika, atajua yeye ni ya nani."

Tulimzika Ijumaa iliyofuata. Waliokuja matangani waliniambia maneno yale ni faraja. Mimi hayajanifariji, bado naisikia ile nyundo. Tangu siku hiyo sijatia njumu kwenye sanduku lolote, naunda yale matupu tu.

Yussuf anakusalimu sana, hata kama siku hizi hasemi. Mbusu mkono mama mdogo Kaltuma kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu ampanulie mama kaburi lake, akulindie watoto wako, na atuteremshie mvua hata kama hatuna tena wa kumnywesha.

Sasa nakuomba, barua hii ikikufikia, usiketi. Mkimbilie huyo fundi. Najua ninyi watu wa Tanga mnapenda kitu king'ae, na pengine mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Mwambie aweke patasi chini. Na kama ameshayaziba, dada yangu, usiniambie.

Ndugu yako wa tumbo moja, akupendaye kwa mbali,
Abdihafid.